Matabishi ya Chumvi

Siku yangu ya kwanza kwenye depo la chumvi, karibu na bandari ya Kisangani, patron hakunipa kiti, alinipa bakuli. Patron, yaani mwenye mali, alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kelele nyingi na moyo mweupe. Alijaza bakuli chumvi, akalisawazisha, akammwagia mteja mfukoni mwake, kisha akamwongezea kiganja kizima.

"Hii iko matabishi," aliniambia. "Chumvi iko moja mu depo zote, mutoto. Mukono yako njo itaita batu." Yaani mkono wangu ndio ungewaita watu.

Ninyi mnaosomea biashara mtaiita nyongeza. Sisi tulijua matabishi tu, na asiyetoa alisemwa soko zima.

Baadaye nilitumwa kwenye tawi letu la Bengamisa, nje ya mji, ambako mvua ikinyesha malori yalikwama na rafu zikabaki tupu. Kisha nikarudishwa mjini kuwa gérant, msimamizi wa depo. Patron alipozeeka akaajiri mkurugenzi kutoka Kinshasa, msomi mpole, suruali zimepigwa pasi. Masikini, tangu ashuke bandarini kila mwenye kofia ya serikali alikuwa amemwomba matabishi. Basi aliposikia neno lile dirishani petu, aliwaka.

"Non! Hapa hakuna matabishi! Iko corruption!"

Nilijaribu kumweleza, hakusikia. Mama Georgine, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, aliyenunua kwetu chumvi ya kukaushia samaki, aliliacha bakuli palepale.

"Bon, papa directeur. Kula chumvi yako."

Akaondoka, na wenzake nyuma yake. Haukupita muda depo likawa kimya, na patron akasema atalifunga. Wafanyakazi wangu wote walikuwa na watoto shuleni. Niliogopa sana.

Mwisho nikamshika mkurugenzi mkono hadi sokoni, kwa Mama Georgine, anunue samaki. Mama akawafunga, akatupia mmoja mdogo juu. Mkurugenzi akashtuka.

"Mama, huyu sikununua."

"Njo matabishi yako, papa. Ili urudie hapa tena."

Akacheka mpaka akatoa machozi. "Mais, hii ni mbakisa! Kwetu Kinshasa tunaita mbakisa! Matabishi kwetu ni ya kumpa askari afungue barrière ya barabarani!"

Mama hakumsamehe bure. Alikubali kurudi kwa sharti moja, directeur achote matabishi mwenyewe. Kumbe bwana yule ana kiganja kama sepetu! Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka changu. Niliona wivu kidogo, lakini nilianza kumpenda hapo.

Sasa nimestaafu. Ushuru bado ni mwingi, barabara bado ni tope, na mto bado unatuletea wanunuzi hata kutoka Barumbu, huko mto unakoteremkia. Wiki iliyopita nilikwenda depo kununua chumvi ya nyumbani. Foleni ilifika barabarani, jua kali, magoti yananiuma. Mlinzi akataka kunipitisha mbele.

Nilikataa. Nilitaka kusimama nyuma kabisa, niwaone wote.