Kanzu ya Malaika na Damu ya Bitiruti

Majuma matatu kabla ya Krismasi, usingizi ulinikimbia kwa sababu ya swali moja: je, mtu anaweza kumkosea Mungu kwa simu na bitiruti?

Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, basi nikatengeneza kwa simu yangu filamu ya kutisha ya dakika ishirini pale kwetu Giakanja. Katika filamu hiyo, siku ya Krismasi, mgeni aliyevaa kanzu nyeupe ya malaika anabisha mlangoni. Kwetu mgeni wa Krismasi haulizwi ametoka wapi. Anawekewa sahani kwanza. Huyu anakula nyumba hadi nyumba, hashibi, na kila anapomeza, uso wake unazidi kufanana na mtu ambaye nyumba hiyo imempoteza. Mwishoni damu inamtiririka mdomoni hadi kwenye kanzu.

Niliweka kipande kifupi mtandaoni. Kufikia siku ya soko kilikuwa katika kila simu, na redio moja ya Nyeri ikapokea simu za wasikilizaji asubuhi nzima.

"Ati malaika anakunywa damu Krismasi? Hao watoto walisomea nini huko chuo?"

Afisa mmoja wa polisi alipiga kutoka Kiganjo, akasema yeye hulinda raia mwaka mzima na sasa anaogopa kufungua mlango wake mwenyewe. Nilicheka, kisha nikashinda nikijiuliza kama alikuwa anatania.

Jambo ambalo wasikilizaji hawakulijua ni kwamba kanzu ile niliitoa kwenye sanduku la Shule ya Jumapili bila kuomba. Ufunguo wa sanduku alipewa mama autunze, nao huning'inia kwenye msumari kando ya kalenda yetu. Akina mama wa kanisa, walioishona kwa mikono, waliitambua kwa upindo wake tu.

Alhamisi alasiri wakaja watatu. Mkubwa wao, bibi ambaye sote tunamwita Cucu, alikataa kuketi.

"Mama, tumekuja kuchukua ufunguo."

Mama akautoa msumarini, akauweka mezani. Hakusema kwamba hakunipa kanzu. Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

"Lakini kwanza tuone hiyo shetani yenu," Cucu akasema. "Mimi siwezi kataa kitu sijaona."

Nikafungua kompyuta kando ya sufuria ya githeri. Mgeni alipobisha, mmoja wao akaitikia, "Karibu!"

"Wewe umeshaliwa!" wenzake wakamcheka.

Kisha kicheko kikakatika. Mgeni alipoinua uso, Cucu alivuta leso hadi mdomoni, na nikasikia pumzi za wanawake wanne zikisimama pamoja. Aliyeigiza mgeni ni binamu yangu. Damu niliichemsha mimi mwenyewe. Hata hivyo nywele zilinisimama, kwa sababu kitu kilikuwa kimeingia chumbani ambacho sikukitengeneza mimi.

Filamu ilipoisha, Cucu alishusha leso.

"Kijana yangu alienda kazi ya shamba la maua Timau," Cucu akasema polepole. "Krismasi tisa hajarudi. Mimi huweka sahani yake." Aliendelea kutazama kioo cheusi. "Angebisha hata akiwa hivyo, ningefungua."

Kisha akajipangusa uso. "Lakini hiyo damu ni bitiruti, na bitiruti haitoki. Kanzu yetu imeharibika." Akachukua ufunguo, wakaondoka.

Niliwaza siku tatu. Niifute filamu? Nimkate malaika kwenye filamu? Ninunue kitambaa nishone nyingine kimyakimya? Kila jibu lilinizalia maswali mawili. Lakini kila nilipopita kwenye kalenda niliuona ule msumari mtupu, na huo haukuhitaji kuwaziwa: mama alinyang'anywa ufunguo kwa kosa langu.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama na kanzu mkononi.

"Mama hakunipa hii. Niliichukua mwenyewe, hata hakujua. Filamu sitaifuta. Kanzu nitashona nyingine, kama Cucu atanionyesha ule upindo."

Nikatoka kwenye benchi, nikapita katikati ya kanisa, nikaiweka mapajani mwa Cucu.