Sukari Kando

Mke wa mmishonari, pale nje kidogo ya Bomet, alikuwa na tabia ya kupasha viganja moto makwapani kabla ya kumshika mtoto wa mtu. Edinah, mpishi wake, alimwona akifanya hivyo kliniki na hata mlangoni pa kanisa, huku akisalimu kwa Kikalenjin na kuuliza kwa sauti ya chini, "Chamgei, huyu amekula?" Watoto wa wachuma chai, mke huyo wa mmishonari aliwajua wote kwa majina. Binti yake mwenyewe alikuwa shule ya bweni, mbali, tangu darasa la kwanza.

Agosti ya tisini na tatu binti aliletwa likizo, amerefuka. Mama alitoka mbio na aproni yake, amefungua mikono. Msichana akasimama wima, akampa mkono kwa adabu, kama anayesalimia mgeni wa shule. Mama akaupokea, asijue auachilie lini.

Kisha akaja jikoni.

"Edinah, huyu anakunywa chai na sukari?"

"Sijui, mama. Nimuulize?"

"Hapana, usimuulize. Atajua nimesahau."

Wakampelekea kikombe na bakuli la sukari kando, ajitilie mwenyewe.