Maneno Tuliyosema Mazikoni

Wakili wa kampuni alitaka turudi watatu katika boma la marehemu, tusimame karibu na kaburi lake, tushike kipaza sauti na kuwaambia watu kwamba tulisema uongo. Tukikataa, tutashtakiwa kwa kuichafulia kampuni jina.

Sisi watatu na marehemu tulifanya kazi katika chumba cha baridi cha kiwanda cha samaki, Homa Bay. Mitambo ya pale hutumia gesi ya amonia, na ikivuja kengele hulia. Kengele yetu ililia mara nyingi, na kila ilipolia kazi ilisimama. Msimamizi akaamuru waya wake ukatwe. Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya wote, "Kama pua yako ni laini, nenda ukauze mandazi."

Asubuhi moja gesi ilivuja na hakuna kilicholia. Wawili walikuwa ndani. Mmoja alitoka akitambaa. Mwingine alifia hospitalini.

Tulimzika kwao, karibu na Rongo. Kampuni ilileta shada la maua, kreti za soda na bwana mmoja wa ofisini, ambaye alisoma rambirambi na kusema mwenzetu aliuawa na ugonjwa wa moyo aliokuwa nao tangu zamani. Mjane aliinua kichwa akamtazama. Alikuwa anausikia ugonjwa huo kwa mara ya kwanza.

Kisha wenzake wa kazi tukaitwa tuseme. Katika mazishi ya huko mtu hazungumzi kabla ya kujitambulisha vizuri: jina, baba yake, kwao ni wapi, ameoa wapi. Wenzangu walifanya hivyo kwa Kijaluo. Mimi ni Mkuria, nilitumia Kiswahili. Nikasema natoka Ntimaru, nikamtaja baba yangu, nikaeleza kwamba boma letu liko nyuma ya kinu cha posho. Watu walipiga makofi kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali. Baada ya hapo tukasema habari ya waya. Yule bwana wa ofisini alikuwa ameegemea mti wa hema, simu yake ameiinua juu.

Wiki hiyohiyo tulifukuzwa kazi. Barua ya wakili ikafuata. Mwendesha boda boda aliileta hadi mlangoni kwa mama yangu bila kuuliza njia, kwa sababu njia nilikuwa nimeitaja mwenyewe, kwa heshima ya maiti.

Mwenzangu mmoja alinipigia simu.

"Omera, ndugu yangu, umepata yako?"

"Nimepata."

"Yangu imemwandika hata babu. Mzee alikufa kabla kiwanda hakijajengwa, na sasa naye ana kesi."

Tulicheka. Lakini wote wawili tulikuwa tunamfikiria mjane. Alikuwa amepeleka madai ya fidia katika ofisi ya kazi ya serikali, na mashahidi wake ni sisi. Tukikana, kitakachobaki ni ule ugonjwa wa moyo.

Tulimwendea tukamweleza.

"Shemeji, wanataka tuje hapa tukane."

"Hapa kwangu?"

"Hapa."

"Na mimi nikae wapi mkisema? Ama niwapikie chai kwanza?"

Mpaka sasa nalikumbuka swali lile. Watu ambao hawakuona haja ya kuunganisha waya mmoja waliona haja ya kulipa wakili, kurekodi kilio cha watu, na kututuma sisi tukamuue mtu yule mara ya pili mbele ya watoto wake. Na barua yao ilikuwa na lugha ya upole kabisa. Ilianza kwa kutupa pole kwa msiba.

Mimi na yule mwenzangu wa simu tulijibu kwa maandishi kwamba hatukani neno hata moja. Wa tatu alisema atajibu baadaye. Ni yule aliyetoka akitambaa, na ni yeye pekee aliyeona kilichotokea mle ndani. Mke wake ameniambia kwamba gari la kampuni lilimchukua Jumatatu, akarudi jioni, akala, akalala bila kumwambia lolote. Nikimpigia, simu inaita hadi inakatika.

Ofisi ya kazi imemwita mjane na mashahidi wake wiki ijayo. Sijui kama atakuja. Akija, sijui atakaa upande upi wa meza.