Walio Chini ya Bwawa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba matope yake hayajanikauka miguuni. Nilikuwa nimeolewa karibuni, huku bondeni chini ya Igowole, miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru. Juu yetu Mzee Sefu, mwenye duka, alikuwa na bwawa lake la tuta la udongo, la kunyweshea ng'ombe. Bwawa dogo, hata watoto walilidharau. Lakini mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kabla ya masika alikuja mkaguzi wa mabwawa. Alilizunguka tuta, akateremka mpaka kwetu, kisha akasema, "Zamani bwawa hili tuliliandika hatari ndogo. Sasa ni hatari kubwa."

Mzee Sefu akashangaa. "Mbona sijaliongeza hata shubiri?"

"Bwawa halijaongezeka, mzee. Watu ndio wameongezeka." Akanyoosha mkono kwenye nyumba zetu. "Chimba njia pana ya kutolea maji yanayozidi, na hawa wahamie juu kabla ya mvua."

Mume wangu na wenzake wakasema watahama baada ya mavuno. Mzee Sefu alianza kuchimba, mvua ikamkuta hajafika nusu. Hofu ya namna ile huijui, mwanangu: matone yakizidi kidogo tu juu ya nyasi za paa, tunaamka kusikiliza upande wa bwawa.

Asubuhi moja mama mkwe alirudi na mtungi mtupu. Maji yaliyokuwa yakichuruzika chini ya tuta, maangavu siku zote, yamekuwa mekundu kwa udongo.

"Tuta linaliwa kwa ndani," akasema.

Mara Mzee Sefu akaja akiteremka mbio, kanzu kaikunja mkononi. "Tokeni! Pandeni juu!"

Nikageukia kuku wangu. Mama mkwe akanikamata mkono, akanivuta mpaka nikalia. "Kuku tutafuga wengine! Wewe nitakupata wapi?"

Hatujafika juu, tuta likapasuka kwa mlio mzito, kama ardhi inakohoa. Jirani yetu Tulizo alikuwa amerudi kumfungua mbuzi. Tulimpata kesho yake kwenye matete, kamba ingali mkononi.

Mwanangu, usiulize bwawa ni kubwa kiasi gani. Uliza nani analala chini yake. Ukitaka kujenga, panda kwanza ukaone maji ya nani yako juu yako. Ukiwa na tuta lako, likague kila mwaka, na bonde ulikague pia, maana nyumba huongezeka bila kukuarifu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa bwawa haukupi nafasi ya kujenga. Ukiambiwa hama, hama. Mavuno ni ya aliye hai.

Mungu akukuze mpaka mvi, wanao wakuzike wewe, wewe usiwazike wao.