Bagi Mbili na Ukuta Mmoja

Usimwone mtu ana mvi na miwani inaning'inia shingoni ukadhani amekua. Fundi Meno, mtengeneza meno ya bandia ambaye nusu ya wazee wa mtaa ule hutafuna kwa kazi ya mikono yake, alikuwa amejifungia kwenye kibanda cha uani akipuliza vumbi kwenye gari la kuchezea. Mwenyewe ukimwambia ni gari la kuchezea, ananuna. Ni bagi, atakwambia: gari la mbio za mchangani, la kuendeshwa kwa rimoti, la enzi zile vitu vilipokuwa vinatengenezwa na watu wenye haya.

Alikuwa akiifufua kwa miaka. Tairi ziliozea kabatini, akazisaka huku na huko mpaka akapata nyingine. Mota iliungua, akaisuka nyaya upya. Mikono inayoshika magurudumu ya mbele ilivunjika, na kwa kuwa ya namna ile haiuzwi tena, akaunda mipya kwa kitu alichokuwa nacho: ile plastiki ya waridi ya kutengenezea fizi. Ikatoka imara kuliko ya kiwandani. Mkewe alipoiona alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba watoto, gari lako linatabasamu!"

"Cheka tu. Fizi zangu hazivunjiki."

Kitu kimoja alikataa katakata kukibadilisha, nacho ni kristali. Ni kidude kidogo cha bati chenye miguu miwili. Kimoja hukaa kwenye rimoti, cha pili kwenye gari, na hivyo ndivyo vinavyopatanisha mawimbi ili gari limsikie mwenyewe. Kristali nyingine, za mawimbi tofauti, alikuwa nazo tele kwenye droo. Kubadilisha ni kung'oa na kuchomeka tu, hata mtoto anaweza. Lakini ukimuuliza, anakunja uso: "Kitu cha kale lazima kibaki na uasilia wake." Haya! Bagi yenye fizi, eti inatunziwa uasilia.

Sababu yenyewe alikuwa anaijua, ila hakupenda kuisema. Zamani baba yake alirudi safarini na bagi mbili pacha, moja ya kaka yake na moja yake, asijue, maskini, kwamba zote zina kristali za mawimbi mamoja. Ukiwasha rimoti moja, bagi zote mbili zinatii. Ukiwasha zote, bagi zinapata kichaa, zinatetemeka na kugonga kuta. Ikabidi wacheze kwa zamu, na kaka mkubwa, kama walivyo kaka wakubwa wote, alikuwa na zamu ndefu ajabu. Utoto wa Fundi Meno ulipita akiangalia bagi yake mwenyewe ikiendeshwa na mwingine, ikizunguka kushoto, kwa sababu kaka alipenda kukata kushoto.

Kaka huyo alikua akawa mpima ardhi. Baba alipofariki, nyumba na uwanja wakagawana, na nani wa kupima kama si mtaalamu? Akapima, kila mtu akapata sawa kwa sawa, ila bomba la maji likaangukia upande wa kaka kwa shubiri moja. Fundi Meno akasema kamba ya kupimia imepinda. Kaka akasema kamba haijapinda, kilichopinda ni roho ya mtu. Neno likazaa neno, ukuta ukajengwa. Na ulijengwa kwa haki mpaka ukachekesha: ulinyooka hadi kwenye geti la baba, lile la milango miwili, ukaishia hasa penye komeo, kila ndugu akabaki na mlango wake. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo tulivyofundishwa. Majirani walichukua jembe, wakalima, wakavuna, wakala wakashiba, na hawa wawili bado wamenuniana.

Sasa kaka alikuwa anahama. Habari aliileta mkewe Fundi Meno, ambaye hakugombana na mtu na alikuwa akiteka maji kwa shemeji yake kila asubuhi kana kwamba ukuta haupo. Mumewe aliyanywa maji hayo bila kuuliza yametoka wapi.

"Shemeji anahamia kwa binti yake, mbali. Tangu afiwe na mke, amechoka kukaa peke yake. Lori linakuja Jumamosi. Nenda kamuage."

"Nina kazi."

"Kazi gani? Hilo gari lenye meno?"

"Fizi. Halafu anayeondoka ndiye anayeaga."

"Naye kasema anayebaki ndiye anayekuja kuaga. Hivi nyinyi mama yenu aliwanyonyesha mawe?"

Fundi Meno akajitia hamnazo, akainamia bisibisi yake. Lakini moyo ulikuwa unamuuma. Kaka akiondoka hivi hivi bila neno, ndiyo basi tena. Umri wao haukuwa wa kuambiana tutaonana. Alilijua hilo vizuri, na miguu ikakataa kwenda.

Alhamisi bagi ikakamilika. Akaiweka chini uani, akaisukuma swichi, akageuka kuchukua rimoti kwenye benchi. Kabla hajaigusa, bagi ikaondoka. Ikaenda mbele, ikakata kushoto, ikajigonga kwenye ndoo. Lo! Akaikimbilia, akaizima, akaipasua yote mezani, akasafisha kila waya, akabadilisha hadi kimota cha usukani ambacho hakikuwa na kosa lolote. Ijumaa akajaribu tena. Ikakata kushoto. Akaipasua tena.

"Kule ng'ambo ya ukuta nasikia kitu kinanguruma hivi hivi," mkewe akasema huku akianika nguo.

"Cherehani hiyo."

"Cherehani ya nani? Shemeji hata kifungo anashonewa na mimi."

Fundi Meno akarudi kwenye waya zake. Mtu anayejua habari za kristali kuliko wote mtaani, na jambo lile halikumwingia akilini. Au lilimwingia, akalifungia mlango kama lile geti.

Jumamosi lori likaja. Alisikia kabati likikwaruza sakafu na wapakiaji wakigombana na godoro. Yeye alikuwa amesimama uani kwake, bagi miguuni imewashwa, rimoti mkononi imezimwa. Alijiambia anafanya majaribio. Mara bagi ikashtuka. Ikazunguka kushoto, ikazunguka tena, duara lile lile la utotoni. Kumbe kaka naye aliifufua yake. Kaka naye, na ukorofi wake wote, hakubadilisha kristali.

Akawasha rimoti yake.

Bagi ikapata kichaa. Nyuma ya ukuta kukasikika kishindo, sufuria ikabingirika. Halafu ikaja sauti, imezeeka lakini ni ile ile:

"Zima! Ni zamu yangu!"

"Zamu yako tangu lini?" Fundi Meno akafoka. "Tangu tuzaliwe ni zamu yako!"

"Mimi naondoka leo! Utacheza mpaka uchoke! Zima, wewe!"

Akazima. Utotoni hakuwahi kuzima bila kupigwa kofi kwanza.

Bagi ikatulia, ikaanza kwenda mbele taratibu, ikiendeshwa na mtu asiyeiona. Ikaambaa na ukuta hadi getini. Fundi Meno akaifuata, akaifungulia mlango wake, ikatoka. Na kwenye mlango wa pili ikatoka pacha yake, nyuma yake mzee mwembamba ameshika rimoti kwa mikono miwili. Uwanja si uligawanywa sawa kwa sawa? Bagi zikaenda bega kwa bega mpaka pembeni ya lori, zikasimama pamoja.

"Umezeeka," kaka akasema.

"Na wewe umekuwa kijana?"

Kaka akainama kuitazama bagi ya mdogo wake. "Hii mikono imekuwaje?"

"Nimeitengeneza kwa fizi."

Kaka akacheka kwa nguvu, na meno ya juu yakateleza, akayarudisha kwa kidole. Fundi Meno akashtuka kama mtu aliyetukanwa.

"Nani kakutengenezea takataka hiyo?"

"Fundi mmoja wa kule sokoni. Sasa ningekuja kwako?"

"Ungekuja!"

"Mlango wako umefungwa."

"Na wako je?"

Dereva akapiga honi. Kaka akaangalia geti, akaangalia ukuta, akakohoa.

"Ile kamba," akasema, "ilipinda kidogo."

"Shubiri moja."

"Shubiri na nusu. Nisamehe, ndugu yangu."

Wakakumbatiana vibaya vibaya, antena za rimoti zikiwachoma mbavuni. Kisha kaka akapanda kwenye lori na bagi yake mapajani, akatoa kichwa dirishani. "Haya, zamu yako."

Maisha yake yote Fundi Meno alikuwa akingoja aambiwe hivyo. Lori likaondoka. Akabaki barabarani na bagi miguuni, rimoti bado imezimwa, machozi yanamtiririka na hana haja ya kuyaficha.

"Mbona huendeshi?" mkewe akauliza. "Si umepewa zamu?"

"Nipe simu."

Kaka akapokea, lori linanguruma nyuma yake. "Umesahau nini? Hata kona hatujapinda!"

"Washa rimoti."

"Humu ndani ya lori?"

"Washa, nawe! Toa antena dirishani."

Bagi ikashtuka. Ikakata kushoto, ikamaliza duara, ikaanza la pili. Katikati ya duara hilo ikasitasita, ikatetemeka, ikasimama. Kule mbele vumbi la lori lilikuwa limeshapinda kona.

"Inaenda?" kaka akauliza simuni.

Fundi Meno akaitazama bagi iliyosimama.

"Inaenda," akasema. "Inazunguka vizuri kabisa. Endelea tu, kaka."