Kuchagua Pikapu za Gitaa la Luhende

Kabla sijaeleza lolote, nitenganishe mambo mawili. Habari za gitaa la mahogani la Luhende nilizishuhudia mwenyewe, kwanza mezani kwangu Mbalizi, kisha arusini Igawa. Yale yaliyosemwa juu ya pikapu zake kabla halijanifikia niliambiwa tu, na nitayataja kama maneno ya watu. Mafundi vijana huchanganya makundi hayo mawili, hasa tangu ushauri wa ufundi uanze kusambazwa kwenye simu na watu ambao hawajawahi kushika bisibisi. Kwa hiyo msomaji anivumilie ninapokatisha maelezo na kusema: hili niliona, hili sikuona.

Utengano huo nilifundishwa siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya Iringa iliyohudumia vyombo vya bendi za mashirika ya umma. Msimamizi wa Karakana, mtu mrefu asiyependa salamu nyingi, aliniwekea gitaa mbele yangu akaniuliza lina nini.

"Limekufa, bwana," nilijibu.

"Umejuaje?"

"Mpigaji ameniambia."

"Basi kampe pole yeye, ndiye mfiwa. Wewe chukua mita."

Mita ilionyesha kwamba waya mmoja wa soketi ulikuwa umeng'oka. Gitaa lilikuwa zima. Msimamizi hakunisifu; aliniambia nifagie chini ya meza.

Karakana hiyo ndiyo iliyonifundisha pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele; mizunguko hiyo huitwa koili. Uzi wa gitaa ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye amplifaya. Pikapu ya koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa majirani. Hambaka ni pikapu ya koili mbili zilizounganishwa kwa namna ambayo mvumo unaoingia katika koili moja hufutwa na ule wa koili ya pili, huku sauti ya nyuzi ikibaki. Anayeshuku faida yake apige gitaa la koili moja Igawa wakati wa mavuno ya mpunga, mashine za kukoboa zikiunguruma nyuma ya ukumbi.

Baada ya Iringa nilihamishiwa Mbeya, chini ya Mkuu wa Mitambo wa Kanda, mtu mwenye elimu kubwa na haraka kubwa zaidi. Aliagiza magitaa yote yafungwe hambaka zenye nguvu kupita kiasi, za sumaku ya kauri, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ndizo za kisasa.

"Nataka gitaa lisikike hadi Tunduma," alisema.

Nilimjibu kwa adabu kwamba kwa shughuli hiyo angehitaji mnara, si pikapu. Hakucheka. Tulizifunga. Wapigaji wa solo, ambao katika muziki wetu hutaka kila noti isimame peke yake kama punje, walilalamika kwamba noti zao zinagandana. Tulizifungua, tukarudisha za zamani. Tangu hapo nilikuwa na utaratibu ambao sikuuacha hadi nastaafu: kwanza pima ukinzani wa kila koili, pili, gusa nguzo za pikapu, vichwa vya chuma vilivyo chini ya nyuzi, kwa bisibisi na utazame sindano ya mita inaruka upande gani, ili pikapu mbili zisije zikapingana, mwisho, sikiliza. Hatua hiyo ya mwisho niliiamini kama ninavyoyaamini macho yangu.

Luhende alinijia nikiwa nimekwisha kustaafu. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Yeye aliwaacha ng'ombe kwa ndugu zake akashika gitaa, na analipigia kundi la muziki wa harusi pale Igawa. Alikuja na binti yake Kabula, mtu mzima, mwimbaji wa kundi hilohilo, ambaye kazi yake humsimamisha mbele ya amplifaya ya baba yake.

"Shikamoo, Babu," alisema Kabula.

"Marahaba. Ugonjwa ni wa nani?"

"Wa gitaa," Luhende alidakia. "Sauti imekuwa butu. Kiongozi wetu naye anasema nawaumiza watu masikio. Mzee wangu, butu na kuumiza vinakaaje pamoja? Amenipa harusi ya Jumamosi tu. Nisipotengemaa, solo atapewa kijana wa Mbeya mjini."

Alicheka alipokuwa akisema hivyo, lakini vidole vilikuwa vikikwaruza kasha la gitaa.

Aliongeza kwamba ameambiwa mbao ya mahogani, ndugu wa mkangazi wetu, humeza sauti ya juu, na kwamba dawa yake ni hambaka kali za kauri. Nilimuuliza nani amemwambia. Akasema watu. Niliyaandika akilini maneno hayo upande wa kuambiwa, nikachukua mita. Hambaka ya karibu na shingo ilikuwa nzima. Ile ya karibu na daraja, mahali nyuzi zinapoegemea, koili yake moja ilikuwa imekatika ndani. Hilo niliona. Kubadilisha kulikuwa lazima. Swali lilikuwa niweke nini badala yake.

Nilikuwa na jozi mbili: moja ya kauri, yenye nguvu, na moja ya alniko, sumaku ya mchanganyiko wa metali, ya upole, iliyofanana na zile zilizokuwamo. Nilianza na ya kauri kwa sababu ndiyo aliyoitaka. Nikalehemu, nikapima, nikampa gitaa. Akapiga.

"Bado butu." Akafungua nobu ya toni, kitufe cha kuongeza sauti za juu, mpaka mwisho, kisha ile ya amplifaya. "Wewe unasikiaje, mzee wangu?"

"Butu," nilisema, na nilisema kweli.

"Baba, unachana bati!" Kabula alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, viganja masikioni.

"Wewe hata redio hujui kuiweka vizuri."

"Redio ipi? Ile unayoifungulia mpaka mbuzi wa jirani wanahama?"

Luhende alicheka. Mimi sikucheka. Mashahidi wawili wazee walikuwa wanakubaliana na shahidi mmoja alikuwa anakimbia. Nilitoa kifaa cha kupimia amplifaya, kinachotoa toni moja ambayo fundi huipandisha atakavyo kutoka nene hadi nyembamba, nikakiunga pamoja na osiloskopu, mtambo wenye kioo kinachochora sauti kama mstari wa mawimbi. Nikawaambia: "Tuinue mikono sote watatu. Asiyesikia tena ashushe."

Nilipandisha toni polepole. Mkono wa Luhende ulishuka kwanza. Wangu ukafuata, nao ulishuka mapema mno. Nikatazama kioo. Wimbi lilikuwa linacheza pale, pana, bila kupungua hata kidogo. Chumba kwangu kilikuwa kimya kabisa. Kabula alikuwa bado ameinua mkono mmoja, na kwa mwingine ameziba sikio.

"Babu, zima, inauma."

"Mtambo wako umeharibika," alisema Luhende.

"Mtambo ni mzima."

"Basi huyu anakisia."

Lilikuwa jambo la kupimwa. Nilimgeuza Kabula atazame barabarani, nikawa nawasha na kuzima bila kumwonyesha. Mkono wake ulipanda na kushuka pamoja na wimbi, bila kukosea hata mara moja. Luhende aliangalia mchezo huo wote. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni sisi sote wawili. Sauti za chini tunazo. Za juu zimetutoka."

"Kiongozi akilijua hilo ataniondoa leo leo. Nani anataka mpiga solo kiziwi?"

Nilikuwa nimekaa nikihesabu kimoyomoyo magitaa yote niliyoyapitisha tangu nistaafu kwa kusema "sawa", bila kujua "sawa" hiyo ilitoka katika masikio ya namna gani. Na sasa nilitakiwa nimchagulie mtu pikapu ambazo nafasi yake inazitegemea, kwa sauti nisiyoweza kuisikia, nikitegemea neno la mtu mwingine. Maisha yangu yote nilikataa kufanya kazi kwa kuambiwa.

Niliona njia moja tu ya heshima: kumpima shahidi kama ninavyoipima mita kabla ya kuitumia. Nilifunga jozi ya alniko, kisha ya kauri, kisha nikairudia ya alniko, nikajifanya nabadilisha na nisibadilishe, Kabula akiwa amenipa mgongo. Kila mara alitambua. Za kauri alisema zinachana. Za alniko alisema, "Hapa nausikia uzi mmoja mmoja, na sauti yangu ina mahali pa kupita."

Nikafunga za alniko. Luhende alipiga, akakunja uso.

"Kama nimefunikwa blanketi. Nitakuwa napiga gitaa la mtu mwingine."

"Ni lako, Baba," Kabula alisema. "Mimi ninakusaidia kulisikia tu."

"Na arusini nitajuaje nimekwenda kombo? Nisimamishe wimbo nikuulize?"

"Niangalie. Nikigusa sikio, punguza."

Luhende alilifunga gitaa kwenye kasha, akaniaga kwa kifupi kuliko kawaida yake.

Vijana wanaosoma haya huenda wakatarajia kwamba kustaafu humletea fundi utulivu. Kwangu mimi kumeniletea wajibu mpya: kila chombo ninachokipokea sasa, namtafuta mtu wa kusikiliza sehemu ambayo siisikii, nampima, na ninamwambia mteja wazi hukumu ni ya nani. Baadhi huchukua vyombo vyao na kwenda kwingine. Ni haki yao.

Jumamosi nilikwenda Igawa, kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Ukumbi ulikuwa ukuta kwa ukuta na mashine ya kukoboa mpunga, nayo ilikuwa kazini. Mvumo wa umeme ni sauti ya chini, kwa hiyo juu ya huo naweza kutoa ushahidi: haukuwapo. Katika wimbo wa kwanza, mkono wa Luhende ulikwenda kwenye nobu ya toni na kuifungua. Kabula, akiimba, aligusa sikio. Luhende aliendelea kutazama mbele. Kabula aligusa tena. Kiongozi wa kundi, aliyekuwa kwenye kinanda, alikwisha kugeuza kichwa, na mimi nilikuwa nimesimama bila kujua niliinuka lini. Ndipo Luhende akamgeukia binti yake, akarudisha nobu kidogo kidogo, macho yakiwa usoni kwake, hadi mkono wa Kabula uliposhuka.

Niliambiwa baadaye kwamba kijana wa Mbeya mjini hakuitwa. Niliambiwa pia kwamba kiongozi aliusifu mlio wa gitaa mbele za watu. Wakati huo sikuwapo, wala sijamuuliza yeye mwenyewe. Ninaloweza kulithibitisha ni hili: baada ya wimbo huo Luhende aliteremka jukwaani, akaniomba kipande cha tepu ya umeme, akakibandika mwenyewe juu ya nobu ya toni ili isigeuke, ikiwa kwenye namba sita, na mpaka bibi harusi anaondoka hakuigusa tena.