Siku Diwani Alipomwaga Unga

Unga wa mahindi uliochanganyika na vumbi la moto: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Tulikaa Lodwar, kando ya barabara ya Kakuma, na miaka ile ya tisini malori ya msaada yalipita hapo yakipeleka chakula kwenye kambi ya wakimbizi. Gunia likitoboka, sisi watoto tulikimbia na makarai, tukazoa unga, mchanga tukautoa kwa chekecheo. Kwangu mimi, unga kumwagika ilikuwa habari njema kuliko Krismasi.

Sasa mwaka ule wa uchaguzi mama alikuwa na siku tatu tangu ajifungue, maziwa hayatoki, na nyumbani hakuna hata konzi moja ya unga wa uji. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi hiyo jirani yetu Ekai, mwenye redio, akatoka nje akipiga makofi: "Diwani amemwaga unga! Amemwaga wote!" Sikungoja. Nilinyakua karai na chekecheo nikakata mbio hadi kwa diwani, nikiomba Mungu wengine wasinitangulie.

Nilimkuta kwenye kiti, kichwa kimeinama, wafuasi wake kimya kama wako matangani. Nikaangalia chini. Mchanga mtupu.

"Ejok, mzee," nikamsalimu. "Unga umemwagika wapi? Nipatie tu ule wa chini, nitachekecha."

"We mtoto, nani amekutuma uje kutucheka?" mfuasi mmoja akafoka.

"Sijatumwa. Ni wa uji wa mama. Amezaa na maziwa hakuna."

Diwani akanitazama, akalitazama karai, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwacheni. Binti yangu, kumwaga unga ni kupoteza kazi. Watu wamenikataa kwa kura. Lakini wacha leo niumwage kweli."

Mkewe akalijaza karai pomoni. Nilipita nalo kichwani katikati ya soko, shingo imenyooka, kama mshindi wa uchaguzi ni mimi. Mama alikunywa uji mabakuli mawili, na kufikia jioni mtoto alikuwa ananyonya.

Siku hizi nina kibanda cha uji Kakuma, na unga nanunua kwa gunia. Wateja wangu, wenyeji na wakimbizi, wakisema fulani amemwaga unga, macho yangu bado hushuka chini yenyewe. Yule mtoto, Akiru, sasa ni mwanamke mrefu na anagombea kiti cha wadi ileile ya yule diwani. Juzi alinishika mkono akaniuliza, "Dada, nikimwaga unga utakuja?"

"Nitakuja na karai," nikamwambia, "tena limejaa."